Chai Chini ya Mzigo

Juzi nilipita Bwaise nikakuta vijana wawili wanafunga spika kwenye ukumbi wa harusi. Spika kubwa, na wameitundika kwa mnyororo mmoja tu, katikati, kama mbuzi wa kuchunwa. Nikawauliza, wanangu, hii itatulia? Mmoja akanijibu, "Mzee, imekaza hii." Akaisukuma kidogo ili nione. Ikaenda, ikarudi, ikaenda tena, na yeye amesimama chini yake anacheka. Nilitoka pale mbio. Miguu yangu hii ya sukari haijakimbia hivyo miaka mingi, na watoto wale walinicheka mpaka wakashika mbavu.

Basi wao ndio wamenikalisha niandike. Mimi ni Rajabu, Mnubi wa Bombo, mkaaji wa Kawempe. Maisha yangu yote ya kazi nimetundika vitu vizito kwenye dari za mji huu: feni, taa za vyumba vya upasuaji, spika za sinema, na kengele moja ya kanisa upande wa Lubaga iliyokaribia kuning'oa meno. Sijui kingine. Hata jiko la mke wangu sikuwahi kulitengeneza likapona. Lakini kitu kikiwa juu ya kichwa cha mtu, hapo niulizeni.

Mnyororo mmoja ni bembea. Hilo liwe la kwanza. Upepo ukipita kitakwenda, mlango ukibamizwa kitakwenda. Ukiweka miwili, kitaacha kwenda upande mmoja, upande wa pili kitaendelea kukucheka. Weka minne, na kule juu uitanue, iwe mipana kuliko mzigo wenyewe, kama mtu aliyeinua mikono na kuipanua. Usifunge kwenye ubao wa dari, ubao ule ni nguo tu ya nyumba. Tafuta boriti. Kisha pale chini kwenye mzigo toa waya nne za pembeni, uzivute mpaka kwenye kuta nne, kila moja na skrubu yake ya kukazia. Na kukaza ni kwa msalaba, huku kidogo, ng'ambo kidogo, kama nati za gurudumu la lori. Ukimaliza upande mmoja kabla hujagusa mwingine, umeshauharibu. Kama mzigo ni wa muziki, weka vipande vya tairi kuukuu kati ya chuma na chuma, la sivyo ngoma itapanda mpaka kwenye mabati.

Aliyenifundisha haya ni Kalasinga mmoja tuliyemwita Bwana Singa. Jina lake kamili alilitamka mara moja, siku aliyonipokea kazini, na mimi sikulishika, nikaona haya kuuliza tena. Alikuwa na ndevu nyeupe na ulimi mkali. Maneno yake makubwa yalikuwa haya: "Zito haina rafiki." Hata uwe umelifunga wewe, hata uwe umelisomea dua, likianguka halitazami nani yuko chini.

Nakumbuka feni tuliyofunga kwenye hoteli moja yenye paa la mabati. Tuliifunga asubuhi, kuna baridi, waya zimekaza mpaka ukizigonga zinaimba. Nilijiona fundi. Saa saba mchana watu wamejaa wanakula, feni ikaanza kutembea. Ilikuwa inazunguka huku inatembea, kama mlevi anayetafuta mlango. Banange, watu walikimbia, mmoja na kijiko mdomoni. Bwana Singa aliizima feni kwenye swichi, akaketi kwenye meza iliyoachwa, akavuta sahani ya pilau ya mtu, akala. Alipomaliza akaniambia, "Jua imekula waya." Chuma kikipata joto kinarefuka. Waya iliyokaza asubuhi, mchana chini ya mabati inalegea, na waya iliyolegea haina kazi. Tangu siku hiyo tulikuwa tunakaza mara mbili, asubuhi kwa kupima, na mchana mabati yakiwa ya moto ndipo tunakaza kweli.

Na alikuwa na desturi moja ambayo nyinyi mmeiacha. Mzigo ukishatundikwa, Bwana Singa alitandika gunia chini yake, sawasawa chini yake, akaleta birika na vikombe. Wote tulioufunga tunakaa pale tunakunywa chai kavu, chai isiyo na maziwa. Na mwenye jengo naye anaitwa, anakaa, anakunywa. Asiyethubutu kukaa, ajue mwenyewe kwa nini. Tena chai ilikuwa na kazi yake. Huna haja ya kuinua shingo, ukitazama ndani ya kikombe unauona mzigo umelala kwenye chai. Ukicheza huko juu, unacheza na humo kikombeni, na jicho linaona hata ucheze kidogo kama upana wa kucha. Maziwa hayaonyeshi kitu. Ndiyo maana hakuyataka.

Mwaka ule Wahindi walipofukuzwa, aliniachia birika, na winchi yake ya mnyororo. Tulikunywa chai mara ya mwisho chini ya taa ya hospitali. Nililia kama mtoto, sioni aibu kusema.

Sasa nije kwenye lile nililokusudia. Ilikuwa miaka ya wanajeshi. Hiyo mmesoma shuleni, mimi nitawaambia ya tumboni tu. Gari likisimama nje ya kibanda chetu, spana ilikuwa inaganda mkononi. Tuliacha kutaja majina ya watu. Tulisema yule, au mkubwa, na wakati mwingine tuliinua kidevu tu. Na ukisikia jirani hakurudi, ulikwenda kumpa mkewe pole bila kuuliza amekwenda wapi.

Mwenzangu wa kazi alikuwa Okello, Mwacholi. Baba yake alikuwa polisi, na Okello alizaliwa na kukulia kwenye layini za polisi, zile nyumba za askari, hapa hapa Kampala. Fundi mzuri, mwepesi juu ya ngazi, ingawa mkono wake wa kushoto ulipinda kwenye kiwiko. Aliuvunja utotoni, ukaunga vibaya, haukunyooka tena. Siku zile kuwa Mwacholi tu kulitosha kukuua. Kaka yake alikuwa askari, akaitwa kwenye gwaride kambini pamoja na wenzake wa kabila lake, hakuna aliyerudi. Okello alikuja nyumbani kwangu na nguo alizovaa. Mke wangu Zainabu alimvisha kofia yangu ya kufuma, akasema kuanzia leo huyu ni Musa, mtoto wa shemeji, katoka Bombo. Alimfundisha salamu zetu, jinsi ya kutawadha, jinsi ya kukaa msibani. Okello, Mkatoliki yule, alishika yote. Alikuwa ananitania, mmenipa jina, mbona hamnipi urithi? Lakini akisikia buti njiani, midomo yake ilikuwa inakauka mpaka inapasuka.

Siku moja akaja Kapteni kibandani. Alikuwa na miwani myeusi na sauti ndogo, na sauti ndogo ndiyo iliyotisha. Akasema kuna sanduku la spika limetolewa kwenye sinema, wanalitaka juu ya meza kuu katika ukumbi fulani, kuna sherehe, Mkubwa mwenyewe atakaa hapo. Nikasema nitakuja, afande. Akanyoosha kidole kwangu, akakihamisha kwa Okello. "Wewe na huyu."

Ningesema nini? Kwamba Musa ni mgonjwa? Wangemwangalia Musa vizuri zaidi. Zainabu alitufungia bakuli la chakula asubuhi ile. Nilichukua birika la Bwana Singa, chai ndani yake, na vikombe. Sijui kwa nini nililichukua. Nadhani nilitaka kitu cha mkononi.

Getini tulisema majina yetu, Rajabu na Musa, tukapita. Sanduku lilikuwa la mvule, na ndani yake spika nne, tukalibeba watu sita, sisi na askari wanne, na bado magoti yalitikisika. Tulijenga jukwaa la miti ya mikaratusi, tukapanda. Paa lilikuwa la mabati matupu, boriti za chuma. Nilikuwa nafunga mnyororo wa tatu niliposikia Okello ameacha kupumua. Ameganda, uso kwenye boriti.

Akaninong'oneza kwamba yule Sajini aliyesimama mlangoni anamjua. Nikatazama. Mtu mzima, masikio makubwa, bunduki begani. Okello akasema jina lake ni Drani, mtu wa West Nile, zamani alikuwa polisi kabla hajahamia jeshini, na walikaa layini moja, mlango kwa mlango. Siku Okello alipoanguka kwenye mfenesi akavunja mkono, mke wa Drani ndiye aliyemfunga kitambaa, na Drani ndiye aliyembeba hospitali.

"Ameuona mkono," Okello akasema. "Rajabu, ameuona."

Nikamwambia afunge bolti. Ningemwambia nini kingine? Tulikuwa juu, mlango mmoja, na mlangoni yuko yeye. Kila nilipogeuza kichwa, Sajini alikuwa anatutazama. Hakumwita mtu. Hakutabasamu. Alikuwa anatazama tu, na nilitamani apige kelele yaishe.

Minyororo minne tuliifunga vizuri, waya za pembeni tukazivuta. Ilikuwa bado asubuhi, mabati ni baridi. Sote wawili tulijua hazitakaa. Kapteni akaingia akauliza tumemaliza? Nilitaka kusema, afande, tungoje jua lipande, tukaze tena. Lakini kumwambia mtu kama yule kwamba kazi yako bado haijawa salama juu ya kiti cha Mkubwa, ulimi unakataa. Nikasema ndiyo, afande. Wakatuambia tukae nje ukutani, tusiondoke.

Jua likapanda. Nililisikia kwenye mabati, yale mabati yanapopata moto yanatoa sauti tak, tak. Kila tak niliihesabu kama msumari. Wapiga bendi wakaingia kufanya mazoezi, spika zikawashwa, ngoma nzito ikaanza. Kisha muziki ukakatika katikati, na mtu akatuita.

Sanduku lilikuwa linatembea. Si sana. Kipimo cha kiganja, huku na huku, taratibu, juu kabisa ya kile kiti chenye mto mwekundu. Kapteni alikuwa amevua miwani, na nilitamani aivae tena.

"Hii kitu natembea," akasema kwa ile sauti ndogo. "Nyinyi nataka kuangusha hii juu ya kichwa ya Mkubwa. Nani alituma nyinyi?"

Nikaeleza habari ya jua na chuma. Nilisikia maneno yangu yanatoka kama ya mtu mwingine, na kadiri nilivyoeleza ndivyo yalivyofanana na uongo. Kapteni hakunisikiliza. Alikuwa anamtazama Okello, kofia, uso, kisha mkono ule uliopinda. Akamuuliza katoka wapi. Okello akavuta kofia chini. Alikuwa anatoka jasho mpaka kofia imelowa.

Kapteni akageuka. "Sajini. Wewe najua hawa watu?"

Sajini Drani akaja kutoka mlangoni polepole. Akasimama mbele ya Okello, karibu sana, akamtazama mkono, akamtazama uso. Nilianza kusoma shahada moyoni. Niliona watoto wangu, nikaona Zainabu na bakuli la chakula.

"Huyu najua, afande," akasema. "Huyu mwenye mkono najua tangu mtoto. Nilikaa na baba yake layini moja."

Nikajua tumekwisha. Nikashika mti wa jukwaa.

"Ni Mnubi," Sajini akaendelea. "Jina yake Musa. Baba yake alikuwa anaadhini msikiti ya pale. Huyu alianguka kwa mti ya ffene, mimi ndiyo nilibeba yeye hospitali."

Jina Musa, Sajini lazima alilisikia tulipolitaja getini asubuhi. Lile la mfenesi lilikuwa kweli tupu, na nadhani ndilo lililouweka sawa ule uongo mwingine. Kapteni alimtazama Sajini, akavaa miwani. Akasema tukaze, na sisi wenyewe tutakaa chini, na bendi itapiga, na tutaona.

Tulipanda. Boriti zilikuwa za moto kushika, na hivyo ndivyo zilivyotakiwa kuwa. Tulikaza kwa msalaba, huku kidogo, ng'ambo kidogo, Okello kwa mkono wake mzima na ule uliopinda. Waya zikaanza kuimba. Tuliposhuka, nikatandika gunia chini ya sanduku. Nikasema, afande, mwalimu wetu alitufundisha kwamba mafundi wanakunywa chai hapo chini, na mwenye kazi naye anakunywa nasi. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Labda ni lile birika, mkono ulizoea.

Kapteni alitazama juu, akalitazama gunia, halafu akakumbuka kwamba ana shughuli ya haraka nje. Hata kwenye hofu ile nilitaka kucheka. Alisimama mlangoni anachungulia. Na Sajini Drani, hakuna aliyemwamuru, aliegemeza bunduki yake ukutani, akaja, akaketi kwenye gunia, katikati yangu na Okello. Nikammiminia.

Bendi ikapiga kwa nguvu zote. Ngoma ile niliisikia kwenye meno.

Yaliyofuata niwaambie upesi. Okello alivuka mpaka wa Kenya wiki ile ile, na tulikuja kuonana tena vita vya kumng'oa Mkubwa vilipokwisha, nywele zake zimekuwa nyeupe. Tulimtafuta Drani sisi wawili. Tuliuliza kwenye zile layini za zamani, tukauliza mpaka Arua, tukaambiwa alikimbilia Sudan, tukaambiwa aliuawa Kapteni alipomchunguza, tukaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Hatukumpata. Mara pekee niliyomwona Okello analia ilikuwa kwenye basi la kurudi kutoka huko.

Kwa hiyo, wanangu, nyinyi wa mnyororo mmoja, wekeni minne, kazeni mchana, na mkae chini ya kazi yenu. Lakini si hilo hasa lililonikalisha hapa na kalamu.

Tulikuwa watatu juu ya gunia, bendi inapiga, kila mmoja ameinamia kikombe chake. Nikatazama changu, sanduku limelala kwenye chai, kimya. Nikatazama cha Okello, kimya. Nikatazama cha Sajini, na humo sanduku lilikuwa linacheza, linakwenda, linarudi, linavunjika vipande. Nikainua macho juu haraka, na sanduku lilikuwa limetulia pale kama limejengwa na nyumba. Nikashusha macho tena, ndipo nikauona mkono wake. Ulikuwa unatetemeka kuliko yetu sote. Okello naye akauona, akanyoosha ule mkono wake uliopinda, akakishika kikombe cha Sajini kwa chini, wakakishika pamoja mpaka chai ikatulia.